Seti ya dakika 40 kwa mikono miwili: shajara ya mradi

Faili 0.1: mifupa kabla ya sauti

Mradi ni seti ya muziki ya dakika 40 inayopigwa jukwaani na mtu mmoja. Vifaa ni kompyuta moja, kadi ya sauti yenye njia nne za kutolea sauti, na kontrola ya pedi 64 (8 kwa 8) yenye nobu nane. Programu ni Ableton Live 12, upande wa Session. Huko klipu (vipande vifupi vya muziki) hupangwa kwenye mistari, na kila traki (safu ya chombo au kundi la sauti) hupiga klipu moja tu kwa wakati mmoja. Sharti hilo la klipu moja kwa traki ndilo linaloamua karibu kila kitu, kwa hiyo tumeanza nalo hata kabla ya kuchagua kiki (ngoma nzito ya chini).

Ngoma zote zikiwa kwenye klipu moja, huwezi kutoa kiki ukabaki na haihati (matoazi) bila kuandaa klipu ya pili. Ukitenganisha kila kipande, unaishia na traki 20 wakati kontrola inaonyesha nane. Tumegawa hivi: 1 kiki, 2 snea na kofi, 3 haihati, 4 kayamba na ngoma ndogo, 5 besi, 6 kodi (noti zinazopigwa pamoja), 7 melodi, 8 efekti na vipande vya sauti. Snea na kofi wamekaa pamoja kwa sababu hakuna wakati kwenye seti ambapo mmoja anatoka peke yake.

Kontrola inaonyesha mistari nane kwa mara moja, basi kila wimbo umepewa mistari nane, yaani ukurasa mmoja: sita ya kupiga, wa saba wa kutokea, wa nane mtupu (ukurasa wa pili tu ndio tofauti, tazama Faili 0.4). Nyimbo sita, kurasa sita, mistari 48. Kusogea ni ukurasa kwa ukurasa, na mkono unajua kwamba mstari wa saba siku zote ni njia ya kutoka. Ubovu wa seti nyingi za jukwaani uko hapa hapa: sehemu zimejazwa sauti nzuri lakini hakuna aliyefikiria zinaachwaje. Mstari wa saba una kiki na haihati tu, hauna besi wala kodi, kwa hiyo hauna ufunguo wa muziki unaoweza kugombana na wimbo unaofuata.

Hesabu ya muda. Kwenye kasi ya mapigo 124 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde (ms) 483.87, hatua moja (robo ya pigo) ni ms 120.97, na kipimo cha mapigo manne ni sekunde 1.94. Vipimo 32 ni sekunde 61.9, kwa hesabu ya kichwa, dakika. Nyimbo mbili za mwanzo ziko kwenye 93, ambako vipimo 16 ni sekunde 41.3. Mistari 12 ya vipimo 16 kwenye 93 ni dakika 8 na ushei. Mistari 24 ya vipimo 32 kwenye 124 ni dakika 24 na sekunde 46. Jumla ni dakika 33. Dakika 7 zilizobaki hatujaziandikia kitu, na tumefanya hivyo makusudi: ndizo za kurefusha panaponoga.

Nafasi tupu na vitufe vya kusimamisha

Kila nafasi tupu ina kitufe kidogo cha mraba. Ukianzisha mstari wenye nafasi hiyo, traki husika inanyamaza. Ukikiondoa (chagua nafasi, kisha Ctrl+E kwenye Windows au Cmd+E kwenye Mac), mstari unapita na traki inaendelea na klipu iliyokuwa ikipiga. Huu ndio uamuzi wa upangaji hasa, ingawa unaonekana kama usafi wa faili tu: kwa kila nafasi tupu lazima ujue kama unasema "nyamaza" au "endelea".

Kanuni yetu: traki ya 5, 6 na 7 zinabaki na vitufe, kwa sababu kodi ya wimbo uliopita ikibaki inaharibu. Traki ya 3 na 4 hazina, ili haihati na kayamba zivuke mistari bila kukatika. Mstari wa nane hauna kitufe hata kimoja. Ukibonyezwa kwa bahati mbaya gizani, hakuna kinachobadilika.

Rangi ni kwa kazi: ngoma nyekundu, besi bluu, kodi kijani. Kuzipanga kwa wimbo kunapendeza kwenye skrini, lakini kontrola haikuambii chochote.

Faili 0.2: biti ya msingi

Gridi ya hatua 16 kwa kipimo, mtindo uleule wa vitufe 16 vya Roland TR-808 ya mwaka 1980. Biti ya wimbo wa tatu, ambayo nyingine zimetokana nayo:

Kiki: x - - - x - - - x - - - x - - -
Snea: - - - x - - x - - - - x - - x -
Haihati wazi: - - x - - - x - - - x - - - x -
Haihati iliyofungwa: hatua zote zilizobaki

Snea ya 4, 7, 12 na 15 ni mgawanyo wa 3-3-2 uliopigwa mara mbili, ila pigo la kwanza la kila kundi limeachwa kwa sababu kiki iko hapo tayari. Ukiweka snea na kiki pamoja kwenye 1 na 9, mgawanyo unasikika wazi zaidi lakini uzito wa kiki unaliwa.

Nguvu ya pigo, kwenye kipimo cha 0 hadi 127, ndiyo inayoamua kama biti itavumilika kwa vipimo 32. Haihati kwa kila hatua nne: 80, 42, 95 (ile wazi), 50. Zote zikiwekwa 100, biti inasikika kama mashine ya kushona baada ya vipimo vinne tu. Kiki ni 110 kila mahali. Snea ni 104 kwenye 4 na 12, na 96 kwenye 7 na 15. Kisha kuna snea za kivuli kwenye hatua ya 10 na 16, nguvu 28 hadi 38, uwezekano wa kulia asilimia 35. Uwezekano huo uliingia kwenye Live 11 mwaka 2021 na unawekwa noti kwa noti, chini ya dirisha la klipu. Hapo kabla ilibidi kuandika klipu ya vipimo nane yenye tofauti ndogondogo. Sasa klipu ya kipimo kimoja inatosha.

Kiki haipewi uwezekano wowote. Besi imeandikwa kuikwepa, kwa hiyo kiki ikizuka mahali pasipotarajiwa zinagongana.

Haihati wazi na iliyofungwa lazima ziwe kwenye Drum Rack (kifaa cha Live kinachobeba ngoma nyingi) moja na kundi moja la kukabana, ili iliyofungwa iikate iliyo wazi. Zikiwa kwenye traki mbili tofauti haiwezekani, na ile wazi inaendelea kuvuma juu ya kila kitu. Kwenye biti hii ile wazi inalia kwa urefu wa hatua moja kisha inakabwa. Urefu huo unabadilika swingi ikiingia (Faili 0.3), jambo linaloonekana dogo hadi ulisikie kwenye spika kubwa.

Kiki dhidi ya besi

Sampuli za kiki zina noti, hata kama hazisemi. Kiki yenye msingi wa G (49 Hz) juu ya besi ya F (43.65 Hz) inaleta mtikisiko wa mara 5 kwa sekunde. Kwenye spika za mezani husikii kitu. Kwenye sabuufa unasikia besi inapumua bila sababu. Kanuni: kiki inatyuniwa kwenye noti ya msingi ya wimbo au ya tano yake. Kwa wimbo wa F tumeipeleka C (65.4 Hz) badala ya F, kwa kuwa spika nyingi za kumbi zinaanza kupoteza nguvu chini ya 40 Hz, na kiki ya 43 Hz inakaa karibu mno na ukingo huo.

Baada ya hapo, kiki imefupishwa hadi ms 180. Besi imewekewa kompresa (kifaa cha kupunguza sauti) inayosikiliza kiki: uwiano 4:1, kuachia ms 120. Kwa kuwa kiki inayofuata iko ms 484 mbele, besi inapata muda wa kurudi kamili. Ukiachia kwa ms 400, besi hairudi kabisa na wimbo mzima unapungua sauti bila wewe kujua kwa nini.

Kiki mbili zilizopandanishwa (moja ya mgongo, moja ya ncha): angalia mawimbi yanaanza upande gani. Yakipingana, sauti ya chini inapungua badala ya kuongezeka. Dawa ni kugeuza polariti (upande wa wimbi) ya mojawapo, au kukata ile ya ncha chini ya 120 Hz ili kusiwe na cha kugombania. Tumechukua njia ya pili kwa nyimbo zote. Polariti inasaidia tu pale sampuli zinapoanza sekunde ileile kabisa, na ukibadilisha tyuni ya mojawapo hesabu inavurugika upya.

Faili 0.3: swingi kwa namba

Swingi ni kuchelewesha hatua za shufwa (2, 4, 6 na kuendelea) ndani ya kila jozi. Asilimia 50 ni mnyoofu, 66.7 ni utatu kamili. Mtindo huu wa kuhesabu kwa asilimia ulienezwa na mashine za Roger Linn, kuanzia LM-1 ya 1980 hadi MPC60 ya 1988. Kwenye 124, jozi moja ni ms 241.94, hivyo:

54% inachelewesha ms 9.7, 58% ms 19.4, 62% ms 29, 66.7% ms 40.3.

Asilimia ileile kwenye kasi ndogo inachelewesha zaidi: 58% kwenye 93 ni ms 25.8. Ndiyo maana swingi iliyokaa vizuri kwenye wimbo wa haraka inasikika kama mlevi kwenye wa taratibu. Tumetumia 58 kwenye 124 na 55 kwenye 93.

Kiki ya 1, 5, 9, 13 haisogei kwa kuwa iko kwenye witiri. Lakini snea inagawanyika: 4 na 12 zinasogea, 7 na 15 hazisogei. Kutoka hatua ya 1 hadi ya 4 kunakuwa ms 382, na kutoka 4 hadi 7 ms 344. Upindaji huo ndio unaoifanya biti itembee, na haupatikani kwa kusogeza noti ovyo. Haihati wazi, kwa kuwa inakabwa na hatua ya shufwa inayofuata, sasa inalia ms 140 badala ya 121.

Besi yenye noti za robo ya pigo lazima ipewe swingi ileile kwa kiasi kilekile. Ikiachwa mnyoofu huku haihati imepinda, kila noti ya shufwa inasikika mara mbili, kama mtu aliyejikwaa. Mipangilio kwenye Groove Pool (sehemu ya swingi ya Live): Base 1/16, Timing 100, Random 0. Ubahati nasibu wa muda hatuutaki. Nguvu ya pigo inatoa uhai wa kutosha, ilhali muda uliotawanyika unafanya kiki na besi zikosane.

Kwa anayeunganisha mashine ya ngoma ya nje: saa ya MIDI (lugha ya mawasiliano kati ya vyombo vya muziki) hutuma alama 24 kwa pigo, yaani kila ms 20.16 kwenye 124. Inabeba kasi tu, haibebi swingi. Mashine ya nje inawekewa swingi yake yenyewe, kwa masikio.

Faili 0.4: kayamba ya hatua 12 na daraja la kutoka 93 kwenda 124

Hapa ndipo mradi ulipopata uti wa mgongo.

Kayamba ya wimbo wa pili ni klipu ya hatua 12, si 16, yenye mkazo kila hatua ya tatu: 1, 4, 7, 10. Dhidi ya biti ya 16 inateleza, na zinakutana tena baada ya hatua 48, yaani vipimo vitatu. Kwa wimbo wenyewe ni pambo zuri. Kwa daraja ni zaidi ya pambo.

Kwenye kasi ya 93, hatua moja ni ms 161.29. Hatua tatu ni ms 483.87, ambayo ni pigo moja kamili la 124. Mkazo wa kayamba tayari unapiga kasi ya wimbo unaofuata. Msikilizaji ameshaizoea bila kuambiwa. Klipu nzima ya hatua 12 ina urefu sawasawa na kipimo kimoja cha 124. Sababu ni uwiano wa 93 kwa 124, ambao ni 3 kwa 4 bila salio. Jozi nyingine zenye uwiano huo ni 90 na 120, 96 na 128, 105 na 140. Kwa 95 na 124 hila hii haifanyi kazi. Tulichagua kasi za seti nzima kwa kufuata hesabu hii, na nyimbo zikapangwa baadaye.

Utekelezaji uko mstari wa saba na wa nane wa ukurasa wa pili. Huu ndio ukurasa pekee ambao mstari wa nane si mtupu.

Mstari wa saba ni daraja, vipimo sita vya 93. Klipu ya kiki ina urefu wa vipimo sita lakini inalia vitatu vya kwanza tu. Vitatu vya mwisho kayamba imebaki peke yake na sikio linageuza hesabu. Mstari wa nane una kasi yake iliyoandikwa, 124, na kiki peke yake pamoja na kayamba mpya ya hatua 16 yenye mkazo kwenye 1, 5, 9, 13. Kwa milisekunde, mkazo wa kayamba hausogei hata kidogo.

Kubonyeza mstari wa nane kwa mkono ni hatari. Gridi ya kuanzisha klipu ni kipimo kimoja, kwa hiyo programu itakukubalia kwenye kipimo chochote, wakati kayamba inakutana na mwanzo wa kipimo kila baada ya vitatu tu. Ukikosea kipimo kimoja, kayamba inakatwa katikati ya mzunguko na mdundo unajikwaa mbele ya watu. Kwa hiyo mstari wa saba umepewa Follow Action (amri inayojiendesha muda ukifika): baada ya 6.0.0, yaani vipimo sita, nenda Next, mstari unaofuata. Vipimo sita ni hatua 96, mizunguko minane kamili ya kayamba, sekunde 15.48. Ili hesabu ianzie mahali pamoja, klipu ya kayamba imewekwa upya kwenye mstari wa saba badala ya kuachwa ivuke kutoka wa sita, kinyume na kanuni yetu ya traki ya 4.

Mambo matatu yanaharibu daraja hili.

Swingi kwenye kayamba. Mkazo wa 4 na 10 ni shufwa, ukipinda unachelewa na mapigo manne yanakuwa mawili marefu na mawili mafupi. Klipu ya daraja haina swingi kabisa, hata kama wimbo unayo.

Mwangwi uliofungwa kwenye kasi. Kasi ikiruka, mkia wa mwangwi uliobaki unaweza kupanda sauti kama kanda inayoharakishwa. Kwenye kifaa cha Delay chagua Fade badala ya Repitch, au funga mlango wa mwangwi kipimo kimoja kabla.

Klipu za sauti zilizorekodiwa. Ikiwa hali ya Warp (namna Live inavyoifanya rekodi ifuate kasi) ni Re-Pitch, kuruka kutoka 93 hadi 124 kunapandisha sauti kwa karibu nusutoni tano. Ngoma ziwekwe Beats; sauti za watu Complex Pro, ila hiyo inakula kichakataji, kwa hiyo hakuna klipu ya Complex Pro inayovuka daraja.

Follow Action kwingineko

Tumezitumia kwa uchoyo. Kwenye klipu, Follow Action hufanya kazi ndani ya kundi la klipu zilizopangana bila nafasi tupu katikati. Nafasi tupu inavunja kundi. Mstari wa nane mtupu kwa hiyo ni ukuta: klipu ya wimbo mmoja haiwezi kurukia wimbo unaofuata. Lakini ndani ya wimbo, Next kwenye haihati ya mstari wa kwanza inaipeleka haihati ya mstari wa pili, ambayo huenda hukuitaka. Traki pekee yenye Follow Action za klipu ni ya 8: vipande vitatu vya sauti vinavyochaguana kwa Other baada ya vipimo vinne.

Mibadiliko ya ngoma mwishoni mwa sehemu haikuandikwa kwenye klipu. Klipu ya vipimo nane yenye mbadiliko kwenye cha nane inapendeza hadi utake kutoka kipimo cha sita. Badala yake kuna Beat Repeat kwenye kundi la ngoma, gridi 1/16, imefungwa kwenye pedi moja: unashikilia nusu ya mwisho ya kipimo, unaachia kwenye moja.

Kwa kubadilisha biti katikati ya kipimo, klipu za snea zimewekwa Legato na gridi yake binafsi ya 1/4. Klipu mpya inachukua pale ya zamani ilipofika, haianzi upya. Kwa klipu ndefu za sauti, Legato inaweza kutoa mapengo kwa sababu data haijasomwa kutoka diski. Bonyeza RAM kwenye klipu husika.

Faili 0.5: nobu nane

Nobu isiyo na mpaka ni ajali inayosubiri. Kichujio cha kukata chini kwenye ngoma kimewekewa 20 hadi 350 Hz. Zaidi ya hapo kiki inatoweka na ukumbi unadhani umeme umekatika. Mrejesho wa mwangwi unaishia asilimia 75. Ukifika 100 mwangwi haufi, na ukizidi unakua wenyewe. Resonansi (mkazo wa kichujio pale kinapokatia) haina nobu.

Nobu za kawaida zina mahali zilipo kimwili, na programu ina thamani yake. Zisipolingana, ukigusa tu thamani inaruka. Kwenye mipangilio ya MIDI chagua Pickup: nobu haifanyi kitu hadi ipite juu ya thamani iliyopo. Kwa mgeni inaonekana kama nobu imekufa, kwa hiyo zote zinarudishwa sifuri mwisho wa kila wimbo.

Faili 0.6: kompyuta

Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huishika kabla ya kuitoa) ya sampuli 128 kwenye 48 kHz ni ms 2.7 kwa upande mmoja. 256 ni ms 5.3, 512 ni ms 10.7. Klipu zinazoanza kwenye gridi hazijali tofauti hiyo, kwa kuwa programu inazipanga mapema. Anayejali ni mtu anayepiga ngoma kwa vidole. Seti hii ina upigaji wa vidole kwenye nyimbo mbili tu, basi 256 inatosha na kichakataji kinapumua. Anayekimbilia 64 kwa sababu "ni bora zaidi" analipia kitu asichokitumia, na malipo yenyewe ni mikwaruzo.

Sinteta zote zisizoguswa jukwaani zimegeuzwa kuwa sauti: Freeze, kisha Flatten, na faili yenye sinteta hai imehifadhiwa kwa jina jingine. Zimebaki mbili hai: besi, kwa sababu kichujio chake kiko kwenye nobu ya nne, na kodi ya wimbo wa tano.

Kisha Collect All and Save, ili kila sampuli iingie kwenye folda ya mradi. Bila hivyo, sampuli iliyoko kwenye diski ya nje itakosekana siku diski hiyo haipo, na Live itafungua seti vizuri kabisa ila klipu hiyo iko kimya.

Faili 0.7: kusikiliza kwa rekodi ya Arrangement

Mazoezi yanarekodiwa kwa kitufe cha Arrangement Record. Kila klipu iliyoanzishwa na kila nobu iliyozungushwa inaandikwa kwenye upande wa pili wa programu, na unaona kwa macho ni sehemu gani ilikaa muda gani. Ugunduzi wa kawaida ni kwamba sehemu zenye sauti nyingi zinakaa muda mrefu kupita kiasi, na zenye ngoma tupu zinakimbiwa. Mpigaji anachoka kusubiri, lakini msikilizaji bado hajachoka. Wimbo wa nne umepunguziwa kodi kwenye mistari miwili, na mstari wa pili umerefushwa hadi vipimo 48.

Ukimaliza, futa rekodi hiyo kwenye nakala ya jukwaani. Ikibaki, kubonyeza kitufe cha Back to Arrangement kwa bahati mbaya kunaziacha klipu zako zote na kupiga yale ya mazoezi.

Viwango na spika

Kila traki inafika kilele kati ya −12 na −10 dBFS (desibeli za dijitali, ambako 0 ndiyo dari), jumla −6. Traki nane zenye nguvu sawa zinaweza kuongeza dB 9 zikiwa hazihusiani, na hadi dB 18 zikigonga pamoja kwa wimbi lilelile. Ndiyo sababu ya kuacha nafasi. Kikomo cha mwisho (kifaa kinachozuia sauti isivuke dari) kimewekwa −1, na kisifanye kazi zaidi ya dB 2. Kinachotazama mbele ms 3 kinaongeza ms 3 kwenye ucheleweshaji, ambao mpigaji wa vidole anausikia juu ya ule wa bafa.

Chini ya 120 Hz kila kitu ni mono, kwa Bass Mono ya kifaa cha Utility. Sabuufa za kumbi mara nyingi hulishwa mono, na besi pana inajifuta yenyewe pale pande mbili zinapojumlishwa.

Mvumo wa 50 au 60 Hz unaoondoka ukichomoa chaja ya kompyuta ni mzunguko wa ardhi (umeme unaozunguka kati ya nyaya za ardhi za vifaa). Kisanduku cha DI (cha kuunganisha kifaa na mixa) chenye transfoma kati ya kadi na mixa kinaumaliza. Kuchomoa chaja kunaumaliza pia, hadi betri iishe.

Yaliyobaki kwenye orodha

Swichi ya mguu kwa "mstari unaofuata" bado haijafungwa. Inaahidi kuachia mikono, ila kukanyaga mara mbili kunaruka mstari mzima, kwa hiyo itajaribiwa kwenye wimbo wa kwanza peke yake, ambako kuruka hakuui kitu.

Kodi ya wimbo wa tano inakula asilimia kubwa ya kichakataji mwangwi ukifunguliwa. Itagandishwa ikiwa nobu yake haitaguswa kwenye mazoezi yajayo.

Nakala ya mradi kwenye diski ya USB ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya jukwaa, ikiwa imetolewa kwenye intaneti: hapo ndipo plagini inayohitaji kuthibitisha leseni inapojitokeza, na sampuli iliyosahaulika inaonekana kwenye orodha ya faili zinazokosekana.